Klarineti kutoka Bagamoyo: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha klarineti chuo kikuu, Dar es Salaam, siku tatu za wiki. Siku zinazobaki niko nyumbani Bagamoyo: napiga, nafundisha watoto barazani, na nafufua vyombo vilivyokwama. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na wazazi, vijana wa kwaya na wa bendi, wanafunzi wa sanaa wa hapa mjini, na abiria wenzangu kwenye basi la Makumbusho wanaoona kisanduku cheusi nimekipakata. Pale nilipojibu kwa kirefu ni pale ambapo wengi hurudi kuuliza tena.

Hicho ni nini? Tarumbeta?

Hapana. Kwenye tarumbeta, midomo ya mpigaji ndiyo inayotetemeka. Kwenye klarineti kinachotetemeka ni ridi, kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mausipisi, yaani kile kidomo unachokitia kinywani. Ukitafuta ndugu yake hapa pwani, mtazame zumari. Naye hupata sauti kwa ulimi wa mmea unaotetemeka, ila zumari lina ndimi mbili zinazogongana, na klarineti ina mmoja unaotulizwa na mdomo wa chini.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Johann Christoph Denner, fundi wa Nuremberg, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1700. Mpangilio wa vitufe tunaoutumia wengi wetu leo ulitoka Ufaransa kati ya 1839 na 1843, kazi ya mpigaji Hyacinthe Klosé na fundi Auguste Buffet: vitufe 17 na pete 6. Klarineti ya kawaida ina urefu wa sentimita 66 hivi na hufunguka vipande vitano, ndiyo maana inaenea kwenye kisanduku kidogo.

Ni kweli imetengenezwa kwa mpingo wetu?

Ndiyo, na swali hili ndilo nalipenda kuliko yote. Klarineti za mbao za wapigaji wakubwa karibu zote ni za mpingo. Mti huu huota nchi nyingi za Afrika, lakini unaoingia viwanda vya vyombo vya muziki hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Kwetu unapatikana kwa wingi kusini, Lindi na Ruvuma, na Kilwa hasa. Mpingo ni mzito kuliko maji. Ukiutupa baharini unazama. Hukua taratibu mno, hata mti wa kuvunwa unaweza kuwa na umri wa miaka 70 hadi 100. Tena haunyooki. Kiini cheusi kimezungukwa na weupe usiofaa kwa kazi hii, ndani kuna nyufa na matundu, kwa hiyo gogo zima hutoa vipande vichache tu vinavyokubalika. Vipande hivyo hupasuliwa, husafirishwa, hukaushwa kwa muda mrefu, ndipo vitobolewe na kuvishwa vitufe Ufaransa, Ujerumani au Japani.

Niliporudi nyumbani mara ya kwanza na klarineti ya mbao, marehemu mjomba wangu, aliyekuwa mchongaji, aliniomba aishike. Hakutazama vitufe hata kimoja. Aliinusa, akaipima uzito kiganjani, akapitisha ukucha ndani ya tundu, akasema, "Mwanangu, huu ni mpingo. Nani kautoboa vizuri hivi?" Alikuwa ameuchonga mti huo maisha yake yote na siku hiyo ndiyo aliyousikia ukiimba. Aliniomba nipige, nikapiga hadi adhana ya magharibi.

Toka siku ile nafanya kazi hii nikiwa na neno moja moyoni: mti unaondoka kwetu bubu, na sauti yake lazima irudi. Kuna hatua zimepigwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba uvunaji wake unasimamiwa vizuri, na wanakijiji wenyewe ndio wenye msitu na mapato. Huo ni upande wa mti. Upande wa sauti ni kazi yetu waalimu na wapigaji, na bado hatujafika popote pa kujivunia. Mtoto wa kijiji kinachovuna mpingo anaweza kumaliza shule bila kusikia hata mara moja mti wa kwao unavyolia.

Mwalimu wa klarineti chuo kikuu anafanya nini kutwa nzima?

Watu hudhani nasimama mbele ya ukumbi wa wanafunzi 300 nikieleza. Sehemu hiyo ipo, kwenye nadharia ya muziki na historia, lakini kiini cha kazi ni chumba kidogo, viti viwili, stendi moja ya nota, na mwanafunzi mmoja kwa saa nzima. Kila wiki, kila mmoja. Ukiwa na wanafunzi wanane, ni saa nane ambazo huwezi kuzipunguza kwa kuwaunganisha, kwa sababu tatizo la Asha si tatizo la Emanueli.

Katika saa hiyo nasikiliza zaidi ya ninavyosema. Mwanafunzi akiingia, kabla hajapiga, natazama mabega. Yakiwa juu, najua pumzi itakuwa ya kifuani na sauti itakuwa nyembamba. Akipiga noti ya kwanza nasikiliza mwanzo wake: imefunguka kama mlango uliotiwa mafuta, au imepasuka? Nasikiliza mwisho wake pia, maana wengi huiacha noti ifie njiani. Nusu ya masomo yangu hayafiki kwenye wimbo wenyewe. Mwanafunzi mmoja tulikaa naye wiki tano juu ya kuvuka kutoka A ya koo, noti ya katikati ya chombo, kwenda B ya juu yake, mahali ambapo karibu kila kidole kinatakiwa kushuka kwa wakati mmoja. Wiki ya sita akavuka. Alinyamaza, akarudia, akavuka tena, akaanza kulia. Siku kama hiyo mshahara huwa haunijii akilini.

Nje ya chumba kile kuna mengi. Kuna darasa la wazi, ambapo mwanafunzi anapiga mbele ya wenzake nami namrekebisha hadharani. Hilo linahitaji heshima kubwa, usimvunje mtu. Kuna vikundi vya watu watatu hadi watano. Kuna mtihani wa kupiga mbele ya jopo mwisho wa muhula, na onesho la mwaka wa mwisho. Kuna vikao, kuna kusahihisha, kuna kuandika barua za kuomba ridi. Na mwalimu mwenyewe lazima aendelee kupiga jukwaani. Mwalimu wa klarineti aliyeacha kupiga huanza kufundisha kumbukumbu zake.

Nisome nini, na nisome wapi?

Kupanda ngazi za chuo kikuu Tanzania ni kama kwenye fani nyingine: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kuanza kama mkufunzi msaidizi kunahitaji shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 3.8, na ukitaka uhadhiri msaidizi, shahada ya uzamili inatakiwa isipungue 4.0. Wanamuziki wengi huichukulia GPA kama jambo la watu wa ofisini, kisha hukwama mlangoni wakati vidole vyao ni vya dhahabu. Someni na yale masomo msiyoyapenda.

Muziki unasomwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pia Tumaini Makumira kule Arusha. Hapa Bagamoyo tuna TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA kilichofunguliwa 2002. Nakusihi, kabla ya kulipa ada popote, uliza swali moja: "Kwa sasa yupo mwalimu anayepuliza klarineti?" Chuo kinaweza kuwa kizuri sana kwa ngoma, zeze, gitaa au udi, na kisiwe na mtu wa kukushika mkono kwenye ridi. Kama hayupo, nenda kasome nadharia na piano hapo, na utafute mpigaji wa klarineti nje.

Njia nyingine, iliyowatoa wapigaji wengi wa kweli nchini, ni bendi za majeshi: Polisi, JWTZ, Magereza, JKT. Huko klarineti ndizo zinazobeba sehemu ambayo kwenye okestra hubebwa na fidla. Nidhamu ya kupuliza ukiwa umesimama juani saa mbili, ukiwa unaandamana na bado nota zinasomeka, hakuna chuo kinachoifundisha vile. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mstaafu wa bendi kama hiyo. Alinifundisha kusoma nota kwa kutumia mkaa ukutani.

Nimetoka kwaya ya kanisani, najua sol-fa tu. Nimechelewa?

Umewahi. Nakueleza kwa nini.

Klarineti ya kawaida ni ya B-flati. Maana yake, ukisoma C na kuipiga, inayotoka ni B-flati, toni nzima chini. Kwa hiyo kwaya ikiimba kwa C, wewe unapiga D. Wakiimba F, unapiga G. Wakihamia E-flati, unapiga F. Mwanafunzi aliyezoea kuiona C kama kidole fulani na sauti fulani huchanganyikiwa miezi mingi. Wewe wa sol-fa umekulia kwenye *do* inayohama. Mwalimu wa kwaya akisema "leo do ni G", hukuwahi kuumwa kichwa. Ulihamisha nyumba nzima na watu wake wote. Hicho ndicho klarineti inachotaka. Wanafunzi wangu wanaohamisha funguo haraka kuliko wote ni wa kwaya.

Utakachokosa ni mdundo ulioandikwa kwenye mistari mitano, na kupatanisha macho na vidole. Miezi sita ya juhudi inatosha kwa hilo. Anza na nyimbo unazozijua kichwani, uziandike mwenyewe.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 9 na anapenda muziki. Aanze?

Marahaba. Mlete tupime mikono. Vidole vyake viweze kuziba matundu bila kunyooshwa kwa maumivu, na meno ya mbele ya juu yawe yale ya ukubwani, kwa sababu meno hayo hukaa juu ya mausipisi. Wengi hufikia hapo kati ya miaka 9 na 11. Kama bado, aimbe na apige filimbi ndogo ya plastiki ya shuleni. Vidole vyake vitajifunza kazi ile ile. Muhimu zaidi, kidole gumba cha kulia ndicho kinachobeba uzito wa chombo chote, kwa hiyo mtoto apewe mkanda wa shingoni tangu siku ya kwanza.

Na kwa mama aliyeuliza kama binti anafaa: anafaa kabisa. Pwani hii imesikia sauti za wanawake kwenye muziki tangu bibi zetu.

Kupuliza kunaharibu mapafu? Na TB je?

Kupuliza hakuharibu mapafu ya mtu mwenye afya. Mwenye pumu azungumze na daktari wake kwanza. Nina mwanafunzi mwenye pumu anayepiga vizuri, dawa yake iko mfukoni muda wote. TB huenea kwa hewa, si kwa kuazimana ridi. Lakini kwa ajili ya mafua na maradhi mengine ya mate, ridi haiazimwi, hata kwa ndugu. Mausipisi ya shule yaoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kila yanapobadilisha mtu. Maji ya moto huyapinda. Nimeona bendi ya shule ikipokezana ridi tatu kwa watoto kumi na wawili. Hilo msilikubali.

Ramadhani unafanyaje mazoezi?

Naulizwa sana, na wenzangu wa dini nyingine nao huuliza. Mchana nafanya kazi ya vidole bila kupuliza. Nakaa na klarineti isiyo na mausipisi, nabonyeza skeli (ngazi za noti) zote taratibu, nikisikiliza mlio wa pedi, vile vifuniko laini vya matundu, zinapofunga. Utashangaa makosa yanavyosikika pasipo sauti ya kuyafunika. Nasoma nota kwa macho, naimba moyoni, natia alama za kupumua. Baada ya futari nasubiri chakula kishuke, kisha usiku, tarawehe zikiisha, napuliza dakika 40, ridi ikiwa imelowekwa kwenye kikombe cha maji. Mwezi ule huwa naupenda. Kila mwaka mikono yangu inatoka Ramadhani ikiwa safi kuliko ilivyoingia.

Mwanafunzi mwenye mtihani uliowekwa katikati ya mfungo asinyamaze. Aje mapema tupange mtihani wake usiku. Majopo mengi yanakubali yakielezwa.

Nifanye mazoezi saa ngapi kwa siku?

Anayeanza: dakika 20, mara mbili. Mwanafunzi wa chuo: saa tatu, zikatwe vipande. Midomo ni misuli, ikichoka inaanza kubana, na kubana ni tabia inayochukua mwaka kuiondoa.

Mimi naanza na sauti ndefu. Noti moja ya chini, E, ile ya mwisho kabisa, napuliza taratibu hadi nihesabu 16, kuanzia ndogo kabisa, ikue, ipungue, iishe bila kukatika. Halafu ya juu yake. Natafuta pumzi itoke chini, tumbo na mbavu zifunguke, koo liwe kama la mtu anayepiga miayo. Nafanya hivi alfajiri upande wa bahari, wavuvi wanaporudi kuelekea soko la samaki. Baadhi yao sasa wananisalimia kwa kuitikia noti.

Baada ya hapo, mruko. Bomba la klarineti limenyooka, upana wake karibu ni mmoja, na upande wa ridi ni kama limezibwa. Bomba la namna hiyo ukilipandisha kwa kitufe cha kidole gumba cha kushoto halirudii noti ile ile oktava moja juu kama filimbi au saksafoni. Linaruka hadi noti ya 12. Kwa hiyo vidole vinavyotoa C chini, vinatoa G juu. Mwanzoni ni taabu, lakini ndiyo siri ya chombo hiki kuwa na sauti mbili: ile ya chini iliyo nzito na ya kiza, na ile ya juu iliyo wazi. Kila siku navuka daraja hilo polepole, nikitaka sauti ya juu ibaki na kitu kidogo cha ile ya chini.

Kisha skeli, kisha zoezi moja gumu, na mwisho kabisa wimbo. Vijana hugeuza mpangilio huu, wimbo ukaja kwanza, na skeli hazifikiwi.

Ninunue ya plastiki au ya mpingo?

Kwa mwenye kuanza, na hasa anayeishi pwani, plastiki ngumu. Nasema hivi nikiupenda mpingo kama ninavyoupenda. Mbao mpya hupasuka ikilowa ndani kwa pumzi huku nje ni kavu, na inayopasuka mara nyingi ni sehemu ya juu. Klarineti mpya ya mbao huzoeshwa kwa dakika 10 au 15 kwa siku, wiki kadhaa. Mtoto hana subira hiyo, wala hapaswi kuwa nayo. Yangu ilipata ufa nilipoitoa kwenye unyevunyevu wa Bagamoyo nikaingia nayo moja kwa moja kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali. Fundi aliuziba, na hadi leo nikigusa mahali pale naumia.

Adui wetu mwingine ni chumvi. Springi ndogo za chuma zinazorudisha vitufe hushika kutu upesi ukikaa karibu na bahari. Pangusa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, vuta kitambaa ndani ya bomba kutoa mate, funga kisanduku, usikiache juani wala kwenye buti la gari. Pedi zikishika unyevu, weka karatasi ya kuvutia sigara chini yake, bonyeza, toa. Usipake mafuta ya kula wala ya nazi kwenye vitufe, nimeshasafisha kadhaa zilizopakwa.

Ya mwanafunzi huuzwa dola mia kadhaa. Ya mbao ya mpigaji kamili hupita dola 3,000. Mitumba mizuri ipo. Kabla ya kununua, ziba mwisho wa sehemu moja kwa kiganja, funga matundu kwa vidole, vuta hewa kwa mdomo. Ikishika kama chupa tupu mdomoni, pedi ni nzima. Ridi huuzwa kwa boksi, mara nyingi kumi kumi. Namba yake ni ugumu wake; anza na 2 au 2½. Nyingi hutokana na mwanzi wa kusini mwa Ufaransa, na ndiyo gharama isiyoisha ya maisha yetu.

Kwa nini klarineti yangu haiendi sawa na kinanda hapa Bagamoyo?

Joto. Hewa ikipata joto sauti hukimbia kwa kasi zaidi ndani ya bomba, na noti hupanda, karibu senti 3 kwa kila nyuzi moja ya joto la hewa. Nusu-toni nzima ni senti 100. Pumzi yako ya moto hupunguza tofauti hiyo, lakini haiimalizi. Kinanda cha umeme hakijali joto. Basi vuta kidogo kile kipande kifupi kilicho chini ya mausipisi, milimita moja au mbili, na ujipashe moto kabla ya kulinganisha sauti.

Klarineti inaingia kwenye taarab?

Inaingia, ikiongozwa na mtu anayeujua wimbo. Tatizo ni kwamba vitufe vyake vimepangwa kwa nusu-toni, na maqamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati zina noti zinazokaa kati ya nusu-toni. Ile ya tatu ya Rasti, ukiipiga kama E unakuwa Mzungu, ukiipiga kama E-flati unakuwa na msiba. Hukaa katikati. Klarineti inaifikia kwa njia mbili: kulegeza mdomo wa chini kidogo, au kufunua tundu nusu kwa kidole. Waturuki wanafanya hivyo miaka mingi, kwa hiyo chombo hakina kosa.

Nawaambia wanafunzi: mkae na mpiga fidla wa taarab jioni nzima bila kupiga. Tanga ya vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star ilisikiliza kwanza, ikachagua vyombo vyake baadaye. Na hapa Bagamoyo aliishi mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo, hadi alipofariki mwaka 2003. Zeze na ilimba (kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba) zake zilikuwa na mpangilio wa sauti ambao piano haina. Nilipokuwa msichana nilikuwa namsikia, na sikio langu lilipanuka kabla sijashika klarineti. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu sasa anaandika vipande vya klarineti na ilimba. Amelazimika kubuni vidole vipya 11. Naiona kazi hiyo kuwa muhimu kuliko onesho lolote nililowahi kufanya.

Inalipa?

Ukipata ajira ya chuo, una mshahara na bima, na nafasi hizo ni chache sana. Wengine wote tunaishi kwa kuunganisha: wanafunzi wa binafsi, harusi, hoteli, kurekodi studio, kanisa, kutengeneza vyombo. Jisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, ili ufanye kazi kihalali. Kama unatunga, sajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, maana kipande chako kikitumika bila jina lako kuandikwa popote utapata taabu kuthibitisha kuwa ni chako. Changia NSSF kwa hiari hata kama ni kidogo. Kubaliana malipo kabla ya siku ya harusi, nusu mkononi. Niliwahi kupiga saa nne, nikarudi kwa miguu na kisanduku changu.

Kwa nini usiende Ulaya ukapige kwenye okestra?

Okestra ya watu 80 au 100 ina klarineti mbili hadi nne. Nafasi ikifunguka, wanakuja makumi, wakati mwingine mamia, na mara nyingi unapiga nyuma ya pazia ili wakusikie bila kukuona. Naiheshimu njia hiyo na nimemwandaa mwanafunzi kwa ajili yake. Tulirudia mistari ile ile kumi na mbili miezi minane. Mimi niliamua kukaa. Kule sitakosekana, hapa, nikiondoka, kuna watoto sita ambao Jumamosi hawatakuwa na mtu.

Nikisafiri na klarineti ya mpingo, forodhani nitasumbuliwa?

Mwaka 2017 jamii yote ya miti hiyo iliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na wapigaji walipata taabu ya vibali. Tangu mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vimeondolewa kwenye masharti hayo. Gogo na mbao bado vina vibali vyake. Beba risiti ya chombo, na uingie nacho ndani ya ndege, usikitie kwenye mizigo.

Naweza kuja kusikiliza tu, bila kujifunza?

Karibu. Wazee wawili wa Dunda huja kila Jumamosi na hawajawahi kushika chombo. Ukinikuta napiga sauti ndefu, vua viatu, kaa jamvini. Tutasalimiana noti ikiisha. Ukiwa umezoea kuchonga, au baba yako alichonga, nitakupa klarineti uishike kwanza, uinuse, ndipo nipige.